Kutoka Mishumaa 16 Hadi Rangi Milioni 16

Mwishoni mwa Oktoba 2012, maduka ya Apple nchini Marekani yalianza kuuza boksi lenye balbu tatu na kifaa kidogo cha kuziunganisha na intaneti ya nyumbani. Bei ilikuwa dola 199. Aliyetaka balbu ya nne aliongeza dola 59, wakati balbu ya kawaida ya wati 60 ilikuwa ikipatikana kwa chini ya dola moja. Philips waliiita balbu hiyo Hue, na sifa waliyoitangaza kuliko zote ni uwezo wake wa kutoa rangi milioni 16, mtu akizichagua kwa kidole kwenye simu. Jambo lingine lilizungumzwa kidogo sana: kila balbu ilitoa mwanga wa lumeni 600. Ile ya chini ya dola moja hutoa lumeni 800 hivi.

Balbu janja ilikuwa imeingia sokoni kwa desturi kongwe ya biashara hii. Tangu mwanga wa umeme uanze kuuzwa, boksi limekuwa na namba moja inayopigiwa debe: kwanza mishumaa, kisha wati, kisha saa, na sasa rangi. Namba hizo kwa kawaida zilikuwa za kweli. Kilichomponza mnunuzi ni zile ambazo hazikuandikwa, na ilichukua zaidi ya karne moja kuzifikisha mbele ya macho yake.

Thomas Edison alipofaulu kuwasha balbu ya uzi wa kaboni huko Menlo Park, New Jersey, Oktoba 1879, Joseph Swan wa Newcastle, Uingereza, alikuwa tayari ameonyesha ya kwake hadharani. Lakini Edison alikuwa anamfikiria mteja tangu mwanzo. Mshindani aliyemnyima usingizi ni kampuni za gesi, zilizokuwa zimeshatandaza mabomba yao chini ya barabara za New York na London. Taa ya gesi ya kawaida ilipimwa kuwa na mwanga wa mishumaa 16, kwa hiyo Edison naye akatengeneza balbu ya mishumaa 16, ili mwenye nyumba apewe mwanga uleule aliouzoea, bila moshi wala joto la moto. Kwa vipimo vya leo huo ni mwanga usiozidi lumeni 200, karibu robo ya balbu moja ya sebuleni.

Majaribio ya kwanza yaliwaka kwa saa chache. Mwaka 1880 mafundi wake waligundua kwamba nyuzi za mwanzi hudumu zaidi, na mwanzi uliotoka Yawata, karibu na Kyoto, Japani, ukawa ndio malighafi ya balbu za Marekani kwa miaka kadhaa. Sasa zilipita saa 1,000. Tarehe 4 Septemba 1882 mtambo wa Pearl Street ulianza kusambaza umeme katika mtaa wa biashara wa New York.

Bei ya balbu hizo inaeleza mengi. Edison aliahidi kuziuza kwa senti 40 kila moja, ilhali mwaka wa kwanza kuitengeneza moja kulimgharimu dola 1.10 hivi. Mwaka uliofuata gharama ilishuka hadi senti 70, kisha 50, na katika mwaka wa nne ikawa senti 37. Kila balbu sasa ilimletea faida ya senti tatu, na mauzo yalikuwa makubwa kiasi kwamba hasara ya miaka mitatu ililipwa kwa mwaka mmoja. Aliuza kwa hasara akijua kwamba wingi utaishusha gharama, na mtindo huo ungerudiwa na viwanda vya taa za LED baada ya miaka 130.

Uzi wa kaboni ulikula umeme mwingi na kutoa mwanga kidogo. Mwaka 1904 Sándor Just na Franjo Hanaman walisajili huko Budapest njia ya kutengeneza uzi wa tangsteni, madini yanayostahimili joto kuliko chuma chochote. Mwaka 1910 hivi William Coolidge wa General Electric akapata namna ya kuivuta tangsteni iwe waya mwembamba usiokatika ovyo, na mwaka 1913 mwenzake Irving Langmuir akajaza gesi ndani ya balbu ili waya usilike upesi. Balbu iliyotokana na kazi hiyo ndiyo iliyokaa darini mwa nyumba za dunia nzima kwa karne moja: kioo, waya uliojikunja, mwanga wa njano, na namba ya wati iliyopigwa chapa juu ya kioo.

Wati hupima umeme unaoliwa. Haisemi lolote kuhusu mwanga unaotoka. Lakini kwa kuwa balbu zote zilikuwa za aina moja, watu waliweza kuitumia kukisia, wakajua 40 ni ya chooni, 60 ni ya chumbani na 100 ni ya dukani. Mazoea hayo yalikuja kuwasumbua wanunuzi balbu za aina nyingine zilipofika.

Enzi ya wati ndiyo pia iliyozaa mkataba mashuhuri kuliko yote katika biashara ya mwanga. Desemba 1924, wakuu wa viwanda vikubwa vya balbu walikutana Geneva, Uswisi. Walikuwapo Osram wa Ujerumani, Philips wa Uholanzi na Compagnie des Lampes wa Ufaransa, huku General Electric ya Marekani ikishiriki kupitia kampuni zilizo chini yake ng’ambo. Waliunda umoja wa kibiashara ulioitwa Phoebus, wakagawana masoko ya dunia, na wakakubaliana kwamba balbu ya nyumbani iwake saa 1,000. Wakati huo nyingi zilikuwa zikiwaka saa 1,500 hadi 2,000.

Mtafiti Markus Krajewski alipochambua nyaraka za umoja huo zilizohifadhiwa Berlin, alikuta mfumo wa ukaguzi uliopangwa kwa makini. Kila kiwanda kilipaswa kupeleka sampuli za balbu zake kwenye maabara ya pamoja nchini Uswisi. Huko ziliwashwa na kuhesabiwa saa hadi zilipoungua. Kiwanda ambacho balbu zake zilipita muda kwa kiasi kikubwa kilitozwa faini kwa faranga za Uswisi, na jedwali la faini lilipanda kadiri saa za ziada zilivyopanda. Mafundi ambao kwa miaka 40 walikuwa wakisifiwa kwa kurefusha maisha ya balbu sasa walilipwa ili wayafupishe. Kufikia miaka ya 1933 na 1934 wastani ulikuwa umeshuka hadi kama saa 1,200.

Umoja ulikuwa na utetezi wake, na utetezi huo haukuwa wa uongo mtupu. Waya wa tangsteni ukipashwa moto zaidi hutoa mwanga mwingi na mweupe zaidi kwa kila wati, lakini huchakaa haraka. Ukipashwa kidogo hudumu miaka, lakini mwanga wake huwa hafifu na umeme mwingi huishia kwenye joto. Ushahidi upo Livermore, California, ambako balbu iliyowashwa mwaka 1901 katika kituo cha zimamoto bado inawaka. Mwanga wake ni kama wa balbu ya wati 4. Afrika Mashariki inaijua kanuni hiyo kwa upande wa pili: umeme ukizidi kiwango kwa asilimia 5 tu, maisha ya balbu ya waya hupungua karibu nusu, na ndiyo sababu mitaa yenye umeme wa kupanda na kushuka iliunguza balbu mfululizo. Tume ya serikali ya Uingereza iliyochunguza ukiritimba wa balbu ilikiri mwaka 1951 kwamba saa 1,000 ni muda unaokubalika kiufundi.

Tatizo lilikuwa kwamba uamuzi ulifanywa kwa siri na waliofaidika nao. Mnunuzi aliyetaka balbu hafifu lakini ya kudumu, kwa mfano ya ngazi ndefu isiyofikika kwa urahisi, hakuachiwa nafasi ya kuichagua. Nchini Uswidi vyama vya ushirika vilichoka na bei za Phoebus, vikajenga kiwanda chao, Luma, mjini Stockholm mwanzoni mwa miaka ya 1930, na bei ya balbu nchini humo ikashuka. Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyouvunja umoja uliopangwa kudumu hadi 1955.

Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza ubora wa rangi. Waya unaowaka hutoa rangi zote za upinde wa mvua kwa mfululizo, kwa hiyo nyanya ilionekana nyanya na uso ulionekana uso. Swali lilizuka mwaka 1938, General Electric walipoanza kuuza taa ndefu za bomba. Zilitumia umeme kidogo na kutoa mwanga mwingi, zikajaa viwandani, madarasani na hospitalini. Lakini chini yake nyama ilipoteza wekundu na nyuso zilipauka, kwa sababu mwanga wake ulikuwa na rangi nyingine nyingi sana na nyingine haba.

Tume ya Kimataifa ya Mwanga, CIE, ilijibu mwaka 1965 kwa kipimo cha uhalisi wa rangi, kinachoandikwa CRI kwenye boksi, na kukifanyia marekebisho mwaka 1974. Namna kinavyofanya kazi inafaa kutazamwa kwa karibu, maana balbu janja za leo bado zinapimwa nacho. Zilichaguliwa sampuli nane za rangi zilizopooza: waridi iliyofifia, njano ya vumbi, kijani hafifu, samawati na nyinginezo. Hukokotolewa jinsi kila moja inavyoonekana chini ya taa inayopimwa na chini ya mwanga wa kulinganishia, kama ule wa balbu ya waya au wa mchana. Tofauti zote nane hutafutiwa wastani. Alama ya juu ni 100, na balbu ya waya huifikia.

Wastani huo unaficha jambo. Katika zile nane hakuna wekundu uliokolea. Wekundu huo ni sampuli ya tisa, iliyowekwa kando pamoja na rangi nyingine za ziada, na alama yake, R9, haiingii kwenye CRI. Taa inaweza kupata 80 na bado ikaiharibu rangi ya damu, ya nyanya, ya kanga nyekundu na ya ngozi ya binadamu, ambayo iwe nyeupe au nyeusi ina wekundu mwingi ndani yake. Tena sampuli ya ngozi iliyowekwa katika zile za ziada ilikuwa moja, na ilikuwa ya mtu mweupe. Kwa nusu karne kipimo cha dunia nzima kilikadiria sura ya binadamu kwa ngozi ya Mzungu, mpaka wataalamu wa Marekani walipotoa mwaka 2015 kipimo kipya, TM-30, chenye sampuli 99.

Taa za LED nazo ziliingia na kasoro hiyohiyo ya wekundu. Nick Holonyak alikuwa ameonyesha LED nyekundu mwaka 1962, na kijani ikafuata, lakini bila ya bluu hapakuwa na njia ya kupata mwanga mweupe. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walihangaika nayo Nagoya. Shuji Nakamura, fundi wa kampuni ya Nichia huko Tokushima, mkoa ulio mbali na vyuo vikuu vikubwa, akatangaza mwaka 1993 LED ya bluu yenye mwanga mkali. Miaka mitatu baadaye Nichia waliifunika LED ya bluu kwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga wake kuwa njano, na bluu na njano vikichanganyika jicho huona nyeupe. Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Nyeupe hiyo ya mwanzo ilikuwa ya baridi na iliyopungukiwa na wekundu.

Wizara ya Nishati ya Marekani iliamua kutoliachia soko kazi ya kurekebisha kasoro hiyo. Mwaka 2008 ilitangaza shindano la L Prize: atakayetengeneza mbadala wa balbu ya wati 60 apate dola milioni 10. Masharti yaligusa kila kipimo kwa pamoja: zaidi ya lumeni 900, chini ya wati 10, CRI zaidi ya 90, maisha ya saa 25,000. Philips walishinda mwaka 2011. Balbu yao iliingia madukani mwaka 2012, ikiuzwa kwa dola 50 au zaidi. Ilikuwa kazi safi, na wateja wengi waliipita. Soko lilikimbilia balbu za bei nafuu zenye CRI ya 80.

Ni mwaka huohuo wa 2012 ambapo Hue ilizinduliwa, na tofauti ya hizo mbili inaonyesha mahali fedha zilipokwenda. Kwa bei inayokaribiana, mnunuzi wa L Prize alipata lumeni 910 za mwanga mweupe wa kiwango cha juu. Mnunuzi wa Hue alipata lumeni 600, rangi, na mawasiliano na simu.

Ndani ya Hue ya kwanza mlikuwa na LED za aina tatu: nyekundu ya kuelekea chungwa, bluu iliyoiva, na kijani cha ndimu. Hiki cha mwisho ndicho cha kutazama. Kijani cha majani kingetoa rangi za kuvutia zaidi, lakini nyeupe inayotokana na nyekundu, kijani na bluu zilizokolea huwa na mapengo makubwa kati ya rangi na rangi: ukuta huonekana mweupe, na vitu vilivyo mbele yake huonekana vibaya. Wahandisi wa Philips walichagua kijani cha ndimu ili nyeupe iwe nzuri, na wakakubali kwamba balbu yenye rangi milioni 16 haitaweza kuonyesha kijani kamili. Wateja walililalamikia hilo kwa miaka. Toleo la 2015 lilifikisha lumeni 800, na lile la 2016 likaleta kijani na bluu zilizoiva. Washindani wao LIFX, waliochangiwa dola milioni 1.3 kwenye mtandao wa Kickstarter mwaka 2012, walishika njia nyingine: waliweka LED nyeupe pembeni ya zile za rangi, wakapata lumeni zaidi ya 1,000 kwa kutumia wati 17.

Njia hiyo ya kutenganisha nyeupe na rangi ndiyo inayotofautisha balbu janja nzuri na dhaifu hadi leo. Familia nyingi huwasha zambarau kwa wiki ya kwanza, kwa kuonyesha wageni, kisha hurudi kwenye nyeupe au njano ya kusomea na kulia chakula. Balbu yenye LED nyeupe zake yenyewe huihudumia familia hiyo vizuri. Ile inayochanganya nyekundu, kijani na bluu peke yake huwapa mwanga hafifu na vyakula visivyotamanisha, hata kama simu inaonyesha rangi milioni 16 zilezile.

Baada ya IKEA kuingia sokoni na balbu zake za Tradfri, bei zilianza kushuka, na viwanda vya China vikazishusha zaidi. Hapo ndipo wanunuzi wengi wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala walipokutana na balbu hizi, wakigundua pia urithi wa zamani darini mwao: Edison alitumia kitako cha skrubu, Uingereza ikazoea kitako cha pini mbili, na makoloni yake yakafuata. Balbu janja nyingi hutengenezwa kwa skrubu ya milimita 27, E27, wakati holda nyingi za Afrika Mashariki ni za kitako cha pini cha milimita 22, B22.

Balbu janja ilileta pia gharama ambayo balbu ya Edison haikuwa nayo. Hailali. Ikizimwa kwa simu, redio iliyomo ndani hubaki macho ikisubiri amri, ikila kama wati 0.4. Balbu ya wati 9 inayowaka saa tano kwa siku hutumia wati-saa 45 kwa mwanga, na karibu 8 kwa kusubiri katika saa 19 zilizobaki. Ikiwekwa stoo, ambako huwashwa saa moja tu, hutumia wati-saa 9 kwa mwanga na kama 9.2 kwa kusubiri. Mwenye kulipia umeme kwa LUKU au tokeni hununua uniti hizo bila kuziona, na balbu ya kawaida ya LED yenye swichi ukutani ingemfaa zaidi stooni humo.

Swali la maisha nalo limegeuka sura. Tangu Aprili 2020 kiunganishi cha kwanza kabisa cha Hue, kile cha duara, hakipewi tena masasisho. Aprili 2022 seva za kampuni ya Insteon ya Marekani zilizimwa bila taarifa, na wateja waliokuwa wamefunga vifaa vyake nyumba nzima walikuta programu kwenye simu haifanyi kazi. Miezi michache baadaye kundi la wateja hao waliinunua kampuni na kuiwasha upya. Oktoba mwaka huo ulitoka mfumo wa Matter, uliokubaliwa na kampuni kubwa za teknolojia, ili balbu ya kampuni moja isikilizwe na kifaa cha kampuni nyingine ndani ya nyumba, bila kutegemea seva ya mbali.

Uandishi wa boksi umebadilika kwa nguvu ya sheria. Tangu 2012 Marekani inataka lumeni ziandikwe mbele ya boksi la balbu. Umoja wa Ulaya ulianza kuondoa balbu za waya sokoni Septemba 2009, na tangu Septemba 2021 unataka taa za kawaida za nyumbani ziwe na CRI isiyopungua 80, na zile za mtandao zisizidi wati 0.5 zikiwa zinasubiri. Kila modeli husajiliwa katika hifadhidata ya umma iitwayo EPREL, inayofunguliwa kwa kupiga picha alama ya kwenye boksi, na mtu aliye Mombasa au Bujumbura anaweza kuisoma kama wa Berlin. Mle mna lumeni, wati, umeme wa kusubiri, CRI, na kwa taa za LED imo pia R9, ile alama ya wekundu iliyokaa kando tangu enzi za taa za bomba. Muda ambao kampuni inaahidi kuihudumia programu ya balbu ndio ambao jedwali hilo bado halina.